Maji Tele, Mtungi kwa Fedha: Habari za Mitambo ya Maji katika Homa Bay na Migori

Mtu akisimama juu ya vilima vya Gembe, karibu na mji wa Mbita, huona maji mpaka macho yakachoka. Mbele yake limetanda Ziwa la Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Katika Afrika yote hakuna ziwa jingine lililo kubwa kama hili. Lakini akigeuka na kuitazama njia ya vumbi itokayo ufukoni, ataona punda wakipanda na mitungi ya plastiki ubavuni, kila mtungi lita 20, na nyuma yao mchuuzi mwenye fimbo. Maji yaliyotekwa bure chini yanakwenda kuuzwa juu kwa fedha. Mgeni hushangaa na kuuliza: yawezekanaje watu waishio ukingoni mwa maji mengi namna hii wakanunua maji kwa mtungi?

Swali hilo ni la haki, wala si la wageni peke yao. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, na Kaunti ya Migori watu 1,116,436. Zamani nchi hizi mbili zilikuwa wilaya moja, South Nyanza. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka huduma za maji mikononi mwa serikali za kaunti, nazo serikali hizo zilianza kazi mwaka 2013. Katika makala haya twataka kueleza ni kitu gani hasa kinachosimama kati ya maji na watu hao, na kwa nini twaamini kwamba mitambo ya maji, pamoja na kazi ya kuitunza, yaweza kuwapa riziki vijana wengi kuliko inavyodhaniwa.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Nyumba ya watu sita, kila mtu akitumia lita 20 tu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, yahitaji lita 120, yaani kilo 120 zinazobebwa kila siku kwa kichwa, kwa mgongo au kwa punda. Sasa tutazame hesabu nyingine. Kupandisha lita 1,000 za maji kimo cha mita 100 kwahitaji, kwa hesabu tupu, zaidi kidogo ya robo ya uniti moja ya umeme. Kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza nguvu njiani, na tuseme nusu uniti. Basi nusu uniti ya umeme hupandisha mitungi 50, kazi ambayo punda mwenye kubeba mitungi minne angeifanya kwa safari zaidi ya 12 toka asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo msomaji atakapoona kwamba ghali si maji. Ghali ni kuyapandisha bila mtambo.

Tena nguvu ya kazi hiyo haikosekani katika nchi yenyewe. Mto Kuja, ambao kwa Wakisii huitwa Gucha, hutoka katika milima yao, hukutana na Mto Migori, na kwa pamoja huteremka Nyatike mpaka ziwani. Mahali paitwapo Gogo mto huo huporomoka. Katika miaka ya 1950 wenye mgodi wa shaba wa Macalder walijenga hapo ukuta wa kuzuia maji na nyumba ya mashine, maji yakageuza magurudumu, na magurudumu yakatoa umeme wa megawati 2 wa kuendeshea mgodi. Katika miaka ya 1960 mgodi ulifungwa. Mashine za Gogo hazikufungwa; zilipita katika mikono mingine, na kampuni ya KenGen ndiyo iliyokuja kuziendesha na kuutia umeme wake katika nyaya za nchi nzima. Mwandishi wa habari hizi hupenda kuukumbuka mfano huo, maana shaba ilikwisha na maji hayakwisha. Lakini yafaa pia tuseme kweli: mtambo ule mkubwa wa kwanza haukujengwa ili mama wa Nyatike apate mtungi wa maji mlangoni pake. Ulijengwa kwa ajili ya shaba.

Mfano wa pili wa maji yanayofanya kazi kwa kuteremka tu uko upande wa Homa Bay. Mwaka 2006 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha kwa ajili ya mradi wa Kimira na Oluch, chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, iliyoanzishwa mwaka 1979. Mito miwili, Awach Kibuon na Awach Tende, ilikusudiwa kuzuiwa kidogo na kuelekezwa katika mifereji, ili ipatikane ardhi ya kumwagilia hekta 1,474, yaani hekta 808 katika Kimira na 666 katika Oluch, kwa ajili ya jamaa zipatazo 3,000. Hapa hakuna pampu wala mafuta. Maji hufuata mteremko na mkulima hufungua mlango wake kwa zamu. Watu wengi husikia jambo hili wakadhani kwamba mfereji hauna gharama. La! Mito yetu hushuka na udongo mwekundu kutoka mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, na udongo huo hutua katika mfereji. Kila msimu sharti mtu aingie na sepetu kuuzoa. Mfereji usiozolewa hufa taratibu, tena hufa kuanzia mwisho wake, hata mkulima wa mwisho akakosa maji wakati mkulima wa kwanza angali anasema kwamba mambo ni mazuri. Ugomvi mwingi wa mashamba ya kumwagilia hutoka hapo.

Palipo na mlima, lakini, hapana budi kutumia pampu. (Hapa mfasiri wa Kiswahili hupata taabu, maana neno “bomba” kwa wengine ni chombo cha kuvutia maji, na kwa wengine ni mrija wa kuyapitisha. Katika makala haya pampu ni ile ivutayo, na bomba ni mrija.)

Kuna jambo moja juu ya pampu ambalo kila mwenye kutaka kununua angelijua kwanza, kabla hajauza ng'ombe. Watu hudhani kwamba pampu iliyowekwa juu huyanyonya maji kama mtoto anyonyavyo titi la mamaye, na kwamba mashine yenye nguvu zaidi itanyonya kutoka chini zaidi. Sivyo. Pampu huondoa tu hewa iliyomo katika bomba; ni uzito wa hewa ya nje, uyakandamizao maji ya mto au kisima, ndio uyasukumao yapande. Na uzito huo una mwisho wake. Pwani ya bahari waweza kuyapandisha maji mita 10 na kidogo. Kando ya Ziwa la Victoria, ambapo nchi iko mita 1,134 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi zaidi, kimo hicho hushuka mpaka mita 9. Na kwa kazi halisi, pamoja na mapengo madogo ya hewa katika viungo vya bomba, mtu asitumainie zaidi ya mita 7. Basi mkulima aliyeiweka mashine yake ya petroli ukingoni, mita 12 juu ya Mto Kuja, atasikia kelele nyingi wala hataona tone. Ataipiga mashine teke, atamlaani mwenye duka, atanunua mashine kubwa kuliko ile, na tone halitakuja. Lililompasa ni kuishusha mashine karibu na maji. Kusukuma maji kwenda juu hakuna mpaka kama huo; mpaka uko katika kuvuta. Maarifa haya ni ya dakika tano, na kwa kuyakosa watu wamepoteza mali.

Kwa mashamba madogo kuna pampu ya kukanyaga kwa miguu, ambayo asili yake ni Bangladesh. Mwaka 1991 Martin Fisher na Nick Moon walianzisha mjini Nairobi shirika lililoitwa ApproTEC, ambalo baadaye lilibadili jina likawa KickStart. Kuanzia mwaka 1996 waliuza pampu za namna hiyo kwa jina la MoneyMaker. Wao walishika shauri moja tangu mwanzo: pampu huuzwa, haigawiwi bure. Wengi waliona huo ni ugumu wa moyo. Lakini kitu cha kuuzwa huhitaji duka, na duka huweka vipuri, na mwenye kununua kwa jasho lake hujua siku ileile kikiharibika. Kitu cha bure hakina duka.

Siku hizi kuna pia pampu za jua. Vioo vyake hupokea mwanga na kutoa umeme, nao huzungusha mashine, bila petroli. Jua halidai fedha. Mwenye duka ndiye adaiye, tena kwa mara moja na kwa wingi, na hilo ndilo lililowazuia wakulima wengi. Tangu njia ya kulipa kwa simu ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, imewezekana kulipa kidogo kidogo, mboga zikiuzwa. Neno la kutahadhari ni kwamba pampu ya jua hutoa maji mengi saa sita mchana na machache asubuhi. Asiye na tangi mahali pa juu la kuyawekea atamwagilia shamba lake saa ile ambayo jua huyakausha maji upesi kuliko saa nyingine zote.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kupita yote haya.

Mwandishi wa habari hizi aliwahi kufika katika kijiji kimoja cha nchi hiyo, ambacho hakuna faida kukitaja, akakuta pampu ya mkono iliyojengwa vizuri juu ya kisima kirefu, na sakafu yake ya saruji, na mfereji wake wa kutolea maji. Katika mkono wa pampu palikuwa pamefungwa mbuzi. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi karibu akichambua omena. Nikamwamkia na kumwuliza, “Mama, pampu hii ilikufa lini?”

Akanijibu, “Haijafa, mwanangu. Yangojea kipete cha mpira.”

“Tangu lini?”

Akawaza kidogo. “Mjukuu wangu yule alikuwa mgongoni. Sasa yuko darasa la tatu.”

Pampu ile ilikuwa ya namna iitwayo Afridev, na habari zake zinafaa kujulikana. Iliundwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanywa Malawi na Kenya, pamoja na vijiji vya Kwale huko pwani. Waundaji wake walikusudia mambo mawili. La kwanza, iweze kufunguliwa na wanakijiji wenyewe kwa spana moja, bila gari la winchi wala mtaalamu kutoka mjini, ingawa huvuta maji kutoka kina cha mita 45 hivi. La pili, michoro yake iwe ya watu wote, asiwepo mtu wa kudai haki ya uvumbuzi; kiwanda chochote mahali popote chaweza kuitengeneza. Kwa hiyo viwanda vya Bara Hindi huitengeneza kwa wingi na kuiuza katika Afrika, nasi huinunua, ingawa kuchomea chuma na kukata nyuzi za bomba ni kazi inayojulikana katika karakana za Migori, Rongo, Oyugis na Homa Bay.

Basi mbona pampu iliyoundwa ili kijiji kiitengeneze chenyewe ikangoja kipete mpaka mtoto wa mgongoni akafika darasa la tatu? Sababu hazikufichika, bibi yule alizitaja zote bila kuacha kuchambua omena wake. Wakati kisima kilipochimbwa palichaguliwa halmashauri, na vijana wawili wakafundishwa kutumia spana. Kijana mmoja alikwenda mjini kutafuta kazi, wa pili akaolewa mbali. Mchango ulikusanywa siku pampu ilipoharibika, si kabla; na siku hiyo wenye fedha walisema wao hunywa maji ya punda, na wasio na fedha hawakuwa na la kusema. Duka la kuuza kipete halikuwapo karibu, kwa sababu pampu moja huharibu vipete vichache kwa mwaka, na hakuna mwenye duka atakayeweka mali ambayo huenda ikamkaliwa miezi sita rafuni. Twaombwa mara nyingi tuamini kwamba watu wa vijijini hawajali mali yao. Mwandishi haamini hivyo. Mtu aliyekaa maili tatu kutoka kwenye maji huijali pampu kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Kilichokosekana ni biashara: fundi ambaye hupata mshahara wake kwa kuwa pampu inafanya kazi, badala ya fundi aitwaye ikiisha kufa.

Biashara ya namna hiyo imekwisha kujaribiwa, na mahali ilipojaribiwa ni Kyuso, katika Kaunti ya Kitui. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka katika mikono ya pampu za vijiji vyombo vidogo ambavyo huhesabu jinsi mkono unavyopanda na kushuka, na kupeleka habari kwa njia ya simu. Pampu ikinyamaza, fundi hujua bila kungojea mtu wa kumletea barua, naye hupanda pikipiki akaenda. Katika mwaka wa majaribio, siku za kungoja matengenezo zilishuka kutoka wastani wa siku 27 mpaka zisizofika 3. Baada ya hapo palianzishwa kampuni iitwayo FundiFix, ambayo hutunza pampu za vijiji vingi kwa malipo madogo ya kila mwezi. Msomaji aangalie vema: ile simu si siri ya jambo lenyewe. Siri ni kwamba vijiji vingi pamoja humpa fundi mmoja kazi ya kudumu, na duka moja la vipuri hupata wateja wa kutosha. Kijiji kimoja hakiwezi kumlisha fundi. Vijiji 50 vyaweza.

Hilo ndilo tunaloliita kazi ya maji, na kama Homa Bay na Migori zikiitaka, hazina haja ya kungojea kiwanda kikubwa chenye bomba la moshi. Itaanza na karakana ya kuchomea, na duka la vipete, valvu na mabomba, na kijana mwenye pikipiki na sanduku la spana aliyetoka katika chuo cha ufundi cha wilayani. Shilingi anayolipwa kijana huyo hulala Awendo au Kendu Bay. Shilingi inayolipwa kwa pampu mpya, baada ya ile ya kwanza kuachwa ikafungiwe mbuzi, husafiri ng'ambo na hairudi.

Habari ni ileile katika miji yenye maji ya bomba. Kwa nchi nzima ya Kenya, katika kila lita 100 zinazosukumwa na makampuni ya maji, zaidi ya lita 40 hazilipiwi na mtu: nyingine huvuja chini ya ardhi, nyingine huibiwa, nyingine hupita katika mita mbovu. Lita hizo zote zimekwisha kupandishwa kwa umeme ambao sharti ulipiwe. Kampuni ikishindwa kulipa, umeme hukatwa, na mji mzima humrudia punda. Kijana ajuaye kusikiliza bomba usiku na kuupata uvujaji huokoa maji mengi kuliko kisima kipya.

Tusisahau kwamba maji yaliyofika nyumbani bado yaweza kuua. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka katika Migori na Homa Bay, ukaendelea kuenea katika kaunti nyingine za Kenya. Vijidudu vya ugonjwa huo huingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na maji ya ziwa yaliyo karibu na gati na soko hayawezi kuaminiwa hata kidogo. Dawa ya klorini huwaua vijidudu hao kwa bei ndogo. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya yamewekwa kando ya visima matangi madogo ya buluu, ambayo mtu akikizungusha kizibo hutoa kipimo kinachotosha mtungi wa lita 20. Mtungi ukisha kutiwa dawa huachwa nusu saa kabla ya kunywewa. Lakini maji yenye matope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa hiyo maji ya mto wakati wa mvua sharti yaachwe yatue kwanza, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa.

Liko jambo jingine ambalo dawa hailiwezi. Karibu na Mlima Homa, ambao zamani sana ulikuwa mlima wa moto, maji ya chini ya ardhi mara nyingi huwa na chumvi na floridi nyingi. Kila mtu wa Kendu Bay anakijua kiziwa cha Simbi Nyaima, na hadithi ya bibi kizee aliyenyimwa mahali pa kulala, hata kijiji kikazama. Maji ya kiziwa hicho hayanyweki. Floridi haionekani wala haina harufu. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huanza kupata madoa ya hudhurungi, na ikizidi sana huumiza mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Hata huizidisha, kwa sababu maji hupungua sufuriani na floridi hubaki. Kwa mtu wa pande hizo, maji ya mvua yatokayo juu ya bati ni bora kuliko kisima alichokichimba kwa mkopo. Na ahesabu mwenyewe: paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48; kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 48. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya yale yanayomwagika, humpa lita zaidi ya 38,000, yaani lita 100 na zaidi kwa siku. Anachohitaji ni mfereji wa bati usiovuja na tangi la kutosha miezi ya kiangazi. Matangi hayo, yakiwa ya saruji na waya, fundi wa kijijini aliyefundishwa aweza kuyajenga papo hapo.

Huko Mbita kumekuwa na jaribio jingine lililotufurahisha. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, zenye kula mafuta ya taa usiku kucha hata sehemu kubwa ya pato la mvuvi ikaungua kabla ya mapambazuko. Mwaka 2008 kampuni ya Kijerumani ya OSRAM, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilifungua Mbita kituo cha umeme wa jua ambapo wavuvi walikodi taa za betri na kuzirudisha asubuhi kutiwa nguvu. Jua lililojaza betri lilitumiwa pia kusafisha maji ya kunywa na kuyauza. Baadaye wakfu uitwao Siemens Stiftung uliendeleza kazi hiyo kando ya ziwa kwa kampuni iitwayo WeTu. Mwandishi huona busara kubwa katika mpango huo kwa sababu moja: kuuza maji safi peke yake ni biashara nyembamba, hasa msimu wa mvua ambapo kila mtu hukinga maji ya paa. Lakini mvuvi hurudi kila siku kwa ajili ya taa yake, mvua inyeshe isinyeshe, na fedha za taa huutunza mtambo wa maji mpaka kiangazi kirudi.

Juu ya vizimba vya kufugia samaki ziwani, vilivyozidi sana tangu miaka ya 2010, tutaeleza siku nyingine, maana nako huhitajika vijana wa kupima hewa iliyomo majini, na habari zake ni ndefu.

Kwa wale wanaokusudia kuchimba kisima kirefu mwaka huu, wakiwa mtu mmoja, shule au chama, ni lazima kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla mashine haijaletwa, kwa sheria ya maji ya mwaka 2016. Mwambieni mchimbaji kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya maji kupimwa chumvi na floridi, na karatasi ya kipimo kuonekana. Andikeni katika daftari kina cha kisima, kina cha maji yalipotulia, aina ya pampu na ukubwa wa vipete vyake, kisha daftari hilo lisiwekwe kwa mtu mmoja tu. Na fundi atafutwe, na malipo yake ya mwezi yaanze kukusanywa, wakati pampu ingali mpya.